Methadone, soba hausi au wodi? Kumchagulia ndugu mraibu mlango wa kuanzia ukiwa Mwanza

Familia ikishachoka, swali huwa moja: "Jamani, nani anajua soba nzuri?" Linatupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shemeji aliyeko Dar anajibu, mama mkubwa anaweka vikaragosi vya machozi, na kabla ya magharibi mweka hazina keshaanza kuorodhesha michango. Ningekuwa kwenye kundi hilo ningeomba michango isubiri siku mbili tatu. Soba hausi zimerudisha watoto wa watu nyumbani wakiwa wazima, sizibezi. Lakini kwa mtu wa Mwanza huo ni mlango mmoja kati ya mitatu, na kwa mvuta unga, kwa maoni yangu, si wa kwanza. Kwa mnywa gongo wa miaka mingi unaweza hata kuwa wa hatari.

Nitaiweka milango hiyo bega kwa bega: kliniki ya methadone, ile dawa ya maji inayoshika nafasi ya unga mwilini, soba hausi na wodi ya hospitali. Kisha nitalinganisha namna za kumfikisha huko, maana ndiko wengi wanakokwama. Pahali panajulikana, nauli ipo, na mwenyewe katokomea tangu alfajiri.

Anatumia nini, kwa kweli?

Mama atakwambia "bangi tu". Hadanganyi, bangi ndiyo anayoisikia harufu. Shida ni kwamba heroini, huo unga wa mtaani, huvutwa sana ikiwa imechanganywa na bangi kwenye msokoto mmoja, wenyewe wanauita kokteli, hivyo harufu peke yake haikuambii kitu. Tazama mwili. Aliyevuta unga mboni za macho yake hunywea zikabaki kitone hata chumbani kukiwa na giza, husinzia katikati ya maongezi, hujikuna pua na shingo bila sababu. Asubuhi, kabla hajapata kete, ni mtu mwingine kabisa: miayo, mafua, machozi, vipele vya baridi, mifupa inauma, tumbo linaendesha. Hiyo ndiyo arosto. Mvuta bangi peke yake hana asubuhi ya namna hiyo. Mnywa gongo naye ana ya kwake: jasho, kichefuchefu, mikono inatetemeka hadi apate funda la kwanza.

Nalikazania hili kwa sababu arosto hazifanani, na hapo ndipo uchaguzi unapoanzia. Ya unga huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki hivi maumivu makubwa ya mwili huwa yamepungua. Ni mateso, lakini mtu mzima mwenye afya, akinywa maji ya kutosha, ni nadra afe nayo. Ya pombe ni kinyume. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, akapanda homa. Hiyo inaua. Vidonge vya usingizi vya aina ya Valium navyo vina hatari kama hiyo. Kwa hiyo ile tiba maarufu ya "mfungieni chumbani wiki moja, atapona" mnywa gongo anaweza kutolewa humo ndani akiwa maiti, wakati jirani yake mvuta unga ametoka amekonda tu.

Bangi na mirungi hazina arosto ya kutisha. Usingizi unakata, hasira zinapanda, chakula hakipiti, halafu inapita. Ugumu wake uko kichwani, na kwa vijana wachache bangi inafungua ugonjwa wa akili kabisa. Huyo ni wa daktari wa akili moja kwa moja.

Na jambo ambalo watu huchanganya kila mara: methadone ni ya unga na jamii yake tu. Haitibu gongo, haitibu bangi, haitibu mirungi. Ukimpeleka kliniki mtoto wa bangi watamsikiliza, lakini kikombe cha dawa hatapewa.

Kliniki na soba, jambo kwa jambo

Tanzania ilianza kutoa methadone Muhimbili mwaka 2011, na huduma ikasogea mikoani hadi ikafika kwetu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, kwa hiyo si jaribio la mtu.

Namna inavyotolewa ni hivi. Mteja anafika dirishani, anatambuliwa, muuguzi anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Anakunywa pale pale. Anaongezewa maji, anayanywa, kisha muuguzi anamsemesha, "umeamkaje leo?", naye lazima ajibu. Si salamu tupu. Anayejibu hawezi kuwa ameibakiza mdomoni akaiuze nje. Dakika chache, amemaliza, anakwenda zake hadi kesho. Kesho, keshokutwa, Jumapili, Idi na Krismasi.

Ndani ya mwili methadone inakaa palepale unga ulipokuwa unakaa, ila inaingia taratibu na inadumu zaidi ya saa 24. Hakuna stimu ya kupanda wala arosto ya kushuka. Mtu anaamka kama watu, anaweza kukaa kibandani mwake Makoroboi akauza, anaweza kulea. Wazee wengi hulalamika hapa: "Sasa si amebadilisha ulevi?" Nawaelewa. Lakini mlevi wa unga siku yake nzima ni kutafuta kete tatu nne, kwa kuiba au kwa kuomba, na asijue kilichochanganywa ndani yake. Huyu wa kliniki siku yake imebaki kuwa yake. Hatua ya kupunguziwa dozi hadi kuacha ipo, ila inakuja baada ya mwaka, miwili au zaidi, na daktari ndiye anayeisimamia. Familia inayomkazania aache baada ya miezi mitatu kwa sababu "sasa ana afya" humrudisha kijiweni kwa mikono yake yenyewe.

Soba hausi ni kitu kingine. Ni nyumba, mara nyingi yenye ukuta na geti, ambamo mtu anahamia kwa miezi kadhaa. Hakuna dawa ya kushika nafasi ya unga. Anapita kwenye arosto, halafu zinafuata siku zenye ratiba: usafi, ibada au tafakari, vikao vya kundi, zile hatua 12 za kuacha ulevi, ushuhuda wa waliotangulia. Wasimamizi wengi ni waraibu wa zamani, na hilo lina nguvu yake. Mtu aliyelala vijiweni miaka 10 hadanganywi na hadithi za mgeni.

Sasa uviweke pamoja.

Kwanza kifo, maana ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote. Mtu aliyekaa soba miezi minne bila unga, mwili wake umesahau kipimo chake cha zamani. Akitoka, akakutana na rafiki, akavuta au kujidunga kiasi kilekile alichokizoea, anaweza kuacha kupumua. Wiki za kwanza baada ya kutoka soba, au baada ya kutoka gerezani, ndizo za hatari kuliko zote. Kliniki haina shimo hilo kwa sababu mwili unabaki umezoea, lakini ina la kwake mwanzoni: dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo mteja bado anasikia arosto kidogo, na kishawishi cha kuongezea kete juu ya kikombe, au gongo, au kidonge cha usingizi, ni kikubwa. Mchanganyiko huo ndio unaoua. Akikutwa anakoroma kwa namna ngeni, midomo imebadilika rangi na haamshiki, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Kuna dawa ya kuzimua, naloksoni. Msimmiminie maziwa mdomoni.

Kijiwe. Hapa soba inaishinda kliniki waziwazi. Kliniki inamrudisha mtu Mabatini au Igogo saa nne asubuhi, kwa watu walewale, na wenzake wengine wako nje ya geti wakimsubiri. Soba inamtoa mtaani. Kwa kijana ambaye chumba chake kiko hatua 20 kutoka mahali pa kununulia, hilo si jambo dogo. Familia nyingine hulipunguza tatizo kwa kumhamishia kwa shangazi upande mwingine wa mji, Nyegezi au Igoma, na kumwandikisha kliniki akiwa huko.

Umbali. Kikombe cha kila siku kinataka mtu anayeishi mahali pa kufikia Sekou Toure kila siku. Buhongwa, Kisesa, Pasiansi, hapo daladala zipo. Misungwi inawezekana kwa shida. Anayekaa Nansio, mwenye saa kadhaa za meli kwenda na kurudi, ama ahamie mjini kwa jamaa ama afikirie soba. Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa 2025 limewapunguzia foleni ya kivuko watu wa upande wa Sengerema, lakini kuvuka kila asubuhi kwa ajili ya kikombe bado ni maisha magumu. Usimwandikishe mtu mahali ambapo atashindwa kufika wiki ya pili. Akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi hawezi kuendelea na kipimo kilekile. Anapimwa upya na mara nyingi kurudishwa chini.

Pesa. Methadone kwenye kliniki ya serikali ni bure, ila nauli si bure: mara 30 kwenda na mara 30 kurudi kila mwezi, na mwezi hauna siku ya mapumziko. Familia husikia "bure" zikasahau nauli, na nimeona zaidi ya mmoja akirudi mtaani kwa sababu hiyo tu. Soba hutoza kwa mwezi, bei zinapishana mno, na juu ya ada kuna sabuni, godoro, dawa akiugua. Mkipiga hesabu ya soba, wekeni kando na fungu la miezi mitatu baada ya kutoka. Ukoo unaomaliza michango yote siku anayoingia huwa hauna hata mtaji wa ndizi siku anayotoka.

Maradhi mengine. Kliniki iko ndani ya hospitali, hivyo vipimo vya VVU, kifua kikuu na homa ya ini viko hapohapo. Kwa anayejidunga hilo lina uzito mkubwa. Akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini lazima wa methadone wajue, kwa sababu inaishusha methadone mwilini na arosto inarudi akidhaniwa anadeka. Soba, kwa upande wake, iulizwe mapema: mwenye ARV anaruhusiwa kuzinywa kwa wakati? Nani anazitunza?

Wanawake. Soba nyingi ni za wanaume. Dada au binti yenu atapata nafasi kwa tabu, na kuchanganywa na wanaume si jambo la kukubali. Akiwa mjamzito jibu ni moja: kliniki, tena mapema. Kukatisha unga ghafla kunaweza kumdhuru mtoto tumboni, na methadone ndiyo njia inayopendekezwa kwa mama mjamzito.

Kama mmeamua soba, nendeni mkaione kabla ya kumpeleka mgonjwa, tena bila kutoa taarifa. Soba hausi ziko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mamlaka ina ofisi ya Kanda ya Ziwa na namba ya simu ya bure, 119. Ulizieni kama nyumba hiyo imesajiliwa. Halafu tumieni macho. Vyumba vya kulala vikoje? Wanakula nini mchana? Kuna minyororo? Nani huja kuwatazama walio kwenye arosto, mhudumu wa afya au msimamizi mwenye fimbo? Ndugu wanaruhusiwa kumwona lini? Mkiambiwa "miezi mitatu ya kwanza hakuna kuonana na mtu", ondokeni. Kumnyima simu wiki za mwanzo naelewa. Kumficha kabisa kunanitia wasiwasi, na si wasiwasi wa bure, kwani malalamiko ya kipigo na njaa hutoka kwenye nyumba za namna hiyo. Swali moja la mwisho kwa msimamizi: akitoka hapa, mnafanya naye nini? Mwenye jibu la kina kuhusu hilo ndiye ningempa pesa yangu.

Kwa hiyo, kwa mvuta unga anayekaa mjini, mimi ningeanza na kliniki. Soba ningeiweka kwa anayekaa mbali, kwa aliyejaribu kliniki ikamshinda kwa sababu ya kijiwe, na kwa yule anayeitaka mwenyewe kwa kinywa chake. Huyo wa mwisho mpelekeni hata kama hoja zote hapo juu zinasema vinginevyo.

Wodi

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando na Sekou Toure zote zina huduma za afya ya akili, na kwa mlevi mkubwa wa gongo ndipo pa kuanzia. Anahitaji siku kadhaa za kuangaliwa, dawa za kuzuia kifafa, maji, vitamini B1, na mtu wa kumpima homa usiku. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya soba au ya vikundi vya wanaoacha pombe yana maana. Anayeongea peke yake, anayesikia sauti, anayesema majirani wanamwekea sumu, naye ni wa wodi, awe ametumia bangi au chochote kingine. Ikishindikana hapa kuna Mirembe, Dodoma, ambako ni safari ya kutwa kwa basi. Madaktari wa hapa ndio wanaojua lini inafaa.

Kwa maombi na waganga sina ugomvi na imani ya mtu. Anayetaka kuombewa aombewe, akiwa ameshakunywa dawa. Kambi yoyote inayomtaka kwanza aache dawa za hospitali, au inayomfunga mnyororo, si mlango wa nne.

Nani amwambie?

Njia ya kwanza ni kikao. Wajomba wanatoka Magu, baba mdogo anatoka Geita, mtu anaitwa sebuleni ghafla, anakuta watu 12 wamenyamaza. Kila mmoja anasema alivyoibiwa. Mwisho anatakiwa achague: tiba au aondoke nyumbani.

Njia ya pili ni mtu mmoja au wawili ambao bado anawaamini, wanaozungumza naye kwa muda, bila kumtega, huku mwenendo wa nyumba nao ukibadilika.

Njia ya tatu ni nguvu: vijana wa mtaa wanamkamata alfajiri, kamba, gari, moja kwa moja soba. Au polisi.

Kwa njia mbili za mwanzo kuna jambo lililopimwa. Huko New Mexico, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uligawa watu 130 waliokuwa na ndugu walevi wa pombe waliokataa tiba. Waliofundishwa ile njia ya pili, 64 kati ya 100 waliwafikisha ndugu zao kwenye tiba. Walioandaliwa kwa kikao cha kushtukiza, 30. Walioelekezwa kwenye vikundi vya kufarijiana tu, 13. Jambo la kuvutia ni kwamba kundi la kikao halikufeli hasa kwa sababu kikao ni kibaya. Wengi hawakufika hata kukiitisha, waliogopa kuvunja udugu. Nadhani hata huku ni hivyohivyo. Kikao kinapangwa kuanzia Pasaka hadi Krismasi, na kila mara kuna mjomba ambaye hajapata nafasi.

Kwetu kikao kina kasoro nyingine. Kinageuka mahakama. Mraibu anajua amewaibia. Hakuna jipya analolisikia, ila sasa amelisikia mbele ya shemeji zake. Aibu hiyo anaondoka nayo hadi mahali pekee ambapo haihesabiwi, na unajua ni wapi. Kama ukoo wenu lazima ukae, ukae bila yeye: mkubaliane nani anazungumza, nani analipa nauli, nani hampi tena pesa mkononi, na nani anamsindikiza wiki ya kwanza. Huo ndio ukumbi wa wajomba.

Msemaji asichaguliwe kwa ukubwa. Mara nyingi si baba. Anaweza kuwa bibi, dada anayemfuata, fundi aliyemfundisha kazi gereji, au mtoto wa mama mdogo ambaye hajawahi kumtukana. Na asiende mikono mitupu. Awe ameshafika Sekou Toure, ameshauliza siku na utaratibu wa kuandikishwa. Zipo pia asasi za kiraia zenye waelimishaji rika wanaoingia vijiweni, wengine wakiwa wateja wa kliniki wenyewe, na kazi yao ni kumwandaa mtu kabla ya kuandikishwa. Kliniki itakuelekeza kwao. Mwelimishaji rika akikaa naye nusu saa husema mambo ambayo ndugu tungeyasema mwaka mzima yasiingie.

Saa ya kuzungumza nayo ina hesabu yake. Akiwa kwenye stimu anakubali kila kitu na hakumbuki. Akiwa kwenye arosto kali hakusikii, anasikia mifupa yake. Katikati hapo, ametulia lakini macho yako wazi, au asubuhi ya baada ya tukio lililomtisha mwenyewe, rafiki kazidisha dozi, mtoto kamkimbia, hapo ndipo. Mvuvi wa dagaa ana kalenda yake: usiku wa giza yuko majini na taa, mbalamwezi ikiingia kazi inasimama na anarudi nyumbani na pesa. Kama ni mnywaji, usingoje pesa iishe. Muwahi siku zile za mwanzo wa mbalamwezi, asubuhi, kabla ya gongo. Na akisema "leo naacha", usishangilie ukamwacha aache mwenyewe huko mwaloni. Mpeleke hospitali, akiwa Ukerewe aanzie hospitali ya wilaya Nansio.

Maneno yenyewe yawe machache. Dada mmoja alimwambia kaka yake hivi, wakiwa wamekaa kwenye mawe nyuma ya nyumba: "Kaka, leo sijaja kukugombeza. Nimefika Sekou Toure, nimeuliza. Kesho nina nafasi na nauli ninayo. Tukienda ukaona hapakufai, tunarudi wote." Hakumwita teja, hakutaja redio iliyouzwa. Kaka alikataa siku hiyo. Siku chache baadaye akamuuliza dada yake, "ile nafasi yako bado ipo?"

Huku mkisubiri, mwenendo wa nyumbani ubadilike. Apewe chakula, nguo, mahali pa kulala, asipewe noti. Simu aliyouza isinunuliwe nyingine. Siku aliyoamka akiwa sawa akasaidia kuteka maji, akae na watu, ale nao, achekewe. Siku aliyorudi amesinzia, msimpigie kelele na msimhudumie, mwacheni alale. Ni kazi ngumu kwa mama, na mama anahitaji mtu wa kumshika mkono, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa magoti usiku wa manane.

Njia ya nguvu sitaifunika kwa maneno matamu. Ikiwa amekuwa hatari, ameshika panga, anataka kujiua, au akili imeruka, mpelekeni hospitali kwa namna yoyote iliyo salama, na msaada wa polisi kumfikisha huko ni halali. Nje ya hapo, kamba humpeleka mtu soba lakini haimbakishi. Akipata mwanya anaruka ukuta, na safari hii hatamwamini hata yule dada. Kumpigia polisi ili "akajifunze" mahabusu ni kumpa arosto bila dawa na jalada la kesi linaloweza kumfuata hadi kwenye maombi ya kazi.

Asubuhi ya kwenda

Msindikizaji awe mmoja, wawili wakizidi. Abebe kitambulisho cha ndugu kama kipo, kadi ya kliniki yoyote anayohudhuria, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, na chupa ya maji. Aseme ukweli wote kwa daktari, pamoja na gongo na vidonge, maana dozi ya kwanza inapangwa kwa maelezo hayo. Kama mgonjwa anaona haya mbele ya dada, dada atoke nje. Mwambieni mapema kwamba huenda siku hiyo ikaisha kwa vipimo na maswali bila kikombe, ili asione amedanganywa. Kuna wanaovuta mara ya mwisho usiku ule kwa kuaga. Msigombane juu ya hilo, ila daktari aambiwe saa na kiasi.

Na akighairi mkiwa getini, msimvute shati. Pandeni naye daladala mrudi, mpeni chakula, na kabla hajalala mtajieni siku nyingine.